Aliyetoka Kule Juu

Baba yangu alikuwa mkatekista hapa Baraka, wilayani Fizi, na malaika aliyempenda kuliko wote ni Gabrieli. Mikaeli anashika upanga, alitufundisha, lakini Gabrieli anashika neno tu: analileta, analisema, anaondoka. Wakati huo serikali ilikuwa imepiga marufuku majina ya ubatizo, sote tukarudia ya mababu. Malaika peke yake hakuagizwa abadilishe lake.

Mwaka mmoja, katika mchezo wa Noeli, baba alijipa mwenyewe nafasi ya Gabrieli. Mimi nilikuwa Maria, nimejifunga kitenge cha mama. Kitabuni malaika anatumwa kutoka kwa Mungu, lakini baba alitaka hata mabibi waliokaa nyuma waelewe, akasema kwa lugha ya nyumbani:

"Usiogope, mutoto. Mi niko mujumbe. Natoka kule juu, nakuletea habari."

Watu wakageuka kutazama mlangoni. Mtu wa Fizi akisema "kule juu" hasemi mbinguni. Anasema milimani, walikokaa waasi, ambao wajumbe wao walishuka kwa siri kutafuta chumvi. Kila mtu alilijua hilo. Baba naye alilijua, ila siku ile umalaika ulimwingia mno akasahau. Nina hasira naye mpaka leo kwa neno hilo moja.

Askari wawili wa kambi ya jeshi walikuwa mlangoni, wamekuja kututazama. Walimfuata pale mbele, shuka jeupe likiwa bado mabegani mwake.

"Nani alikutuma?" mmoja akauliza.

"Mungu," baba akajibu.

Akazabwa kofi, akaburutwa nje. Mimi nilikuwa bado nimepiga magoti, mikono kifuani, kama alivyonifundisha.

Mama akawa anapeleka ugali na ndagala, dagaa wa ziwani, kambini kila asubuhi, nami namfuata. Sahani ilipokewa, ikarudi tupu, nasi tukapata moyo. Kisha asubuhi moja askari wa zamu hakuipokea.

"Rudia nyumbani, mama. Bwana yako alisha kwenda juu."

Mama hakuuliza juu ipi. Aliogopa kujibiwa, na mimi pia niliogopa. Tukarudi na chakula chetu.

Mama aliishi miaka mingi baada ya hapo. Jumapili alimwombea baba pamoja na marehemu, na siku ya soko aliwauliza wauza maharagwe walioshuka kutoka milimani kama wamemwona.