Ndege wa Tantine Furaha

Juzi, kwenye simu ya binti yangu, niliona mpira wa Wamarekani: wanaume wenye kofia ngumu wakigongana, na kando ya uwanja mtu aliyevaa kichwa kikubwa cha ndege akirukaruka. Hapohapo nikasikia harufu ya balo la mitumba.

Kichwa kama hicho kilitoka katika balo la nguo kuukuu, miaka mingi iliyopita, siku Tantine Furaha, dada yake mama, alipolifungua pale sokoni Bunia, kwetu Kongo. Kilikuwa cha buluu, mdomo wa njano, kikinuka naftalini, dawa ya kufukuza nondo. Hakuna mnunuzi aliyekitaka. Basi Jumapili alikivaa mwenyewe, akafanya kitenge kuwa mabawa, akaja uwanjani, vijana wa mtaa wetu wakicheza na vijana wa kambi ya waliokimbia vita.

Sisi tukafunga bao. Ndege akakimbilia upande wa kambi, akawachezea ngoma. Wao wakarudisha, wakaongeza la pili. Akaja kwetu mbio, jasho likimtiririka chini ya mdomo.

"Weye uko wa ekipi gani?" wanaume wa mtaa wakamfokea, wakitaka ataje timu yake.

"Ya ile yenye inafungwa!" akajibu kutoka ndani, sauti kama ya mtu aliye ndani ya pipa. Pande zote mbili zikacheka pamoja.

Nilidhani hiyo ndiyo kanuni ya kazi ya ndege wa uwanjani duniani kote: kumchezea anayefungwa. Sasa najua kwamba huko ekipi nyingi zina mnyama wao wa kuzishangilia zenyewe tu, na zamani baadhi yao zilileta hata wanyama hai uwanjani.

Hata hivyo, juzi wapinzani wa timu yake walipozidiwa, nilimngoja yule ndege wa Amerika avuke uwanja, awaendee. Nilimngoja mpaka mwisho.