Jino la Mbele la Paskalia

Paskalia alikuwa fundi cherehani Chang'ombe, Dodoma, na uzi hakuukata kwa mkasi. Aliuuma kwa jino la mbele la juu, akaendelea na mshono. Miaka ikapita hivyo. Jino likapata ufa mwembamba, likauma majuma kadhaa, kisha likanyamaza. Paskalia akamshukuru Mungu, akidhani limepona.

Halikupona, lilikuwa limekufa. Bakteria wa kinywani, ambao kila mtu anaishi na mamia ya aina zao bila kudhurika, walipenya kwenye ufa ule wakaingia mzizini, mahali ambapo mswaki haufiki na damu haipiti tena. Humo wakajijengea makazi, wale wasiopenda hewa wakikaa ndani zaidi. Jino likageuka kijivu. Juu yake, kwenye ufizi, kikatokea kipele. Kilipasuka kikaacha ladha ya chumvi, kikarudi tena. Kila kiliporudi, Paskalia alinunua vidonge duka la dawa, akameza viwili vitatu, na kipele kikinywea aliacha.

Shakila, muuza vitenge wa fremu ya jirani, alimshauri akaling'oe. Paskalia alikataa, na sababu hakuisema, akihofu kuchekwa. Yeye ni Msandawe wa Kwa Mtoro. Kisandawe kina vidoko, sauti za kugonga ulimi kinywani, na kimojawapo hupigwa kwa ncha ya ulimi nyuma ya meno ya mbele. Mama yake, aliyebaki kijijini, alijua Kiswahili cha mnadani tu. Waliongea kwa simu kila Jumapili, na jina la nyumbani ambalo mama alimwitia lilianza na kidoko hicho. Mjini hakuna aliyewahi kulitamka sawasawa. Aliogopa kwamba bila jino lile naye asingeweza tena kukipiga kidoko hicho.

Mwezi Januari, kazi ya sare za shule ikiwa imemlemea, aliamka mdomo umevimba na jicho moja limefumba. Homa ikamshika. Vidonge havikufua dafu. Shakila akafunga duka, akamtia kwenye bajaji hadi hospitali.

Daktari wa meno, binti aitwaye Gladness, alimwamkia, akapiga picha ya jino, akamwonyesha kivuli cheusi kwenye ncha ya mzizi: hapo mfupa ulikuwa umeliwa. Alipasua jipu, usaha ukatoka, akampa dawa na kumtaka aimalize yote. Alimweleza kwamba dawa hupambana na vijidudu vilivyoenea shavuni, lakini vilivyo mzizini haivifikii, kwa kuwa jino lililokufa halina mshipa wa kuipeleka.

Wiki iliyofuata, uvimbe ulipopungua, akalichunguza tena.

"Nilitaka nikusafishie mzizi, mama, niuzibe, jino libaki," alisema. "Lakini ufa umepanda hadi mzizini. Haliwezi kubaki."

Hapo ndipo Paskalia alipoitoa ile sababu. Gladness akasema lugha hiyo haijui, hivyo hawezi kumwahidi kitu. Anachojua ni kwamba uvimbe ukirudi unaweza kuwa mbaya kuliko wa mwanzo. Paskalia akapanua kinywa.

Kidonda kilipopona, alijaribu kidoko peke yake nyuma ya pazia la kupimia nguo. Upepo ulipita kwenye pengo, sauti haikutoka. Jumapili mbili hakupiga simu. Ya tatu, mama yake akapiga mwenyewe, na baada ya maneno machache yasiyo na vidoko akauliza anaongea na nani. Paskalia akamweleza habari za jino.

Mama akacheka. "Mimi meno ya mbele sina tangu baba yako yu hai," akamwambia kwa Kisandawe. "Umewahi kushindwa kunielewa?"

Paskalia hakuwahi kulifikiria hilo. Mama akamwelekeza asukume ulimi juu zaidi, kwenye ufizi, wakawa wanataja majina ya ndugu, mmoja mmoja. Vidoko vilitoka vizito, ila vilitoka.

Baadaye alitengenezewa jino la bandia, la kuvaa na kuvua. Hulivaa dukani kwa ajili ya wateja. Akiongea na mama yake hulivua, kwa sababu plastiki yake humkwaza ulimi.