Kinu cha Upepo cha Mzee Pieter

Enzi zetu pale Durban, mwishoni mwa miaka ya tisini, mtoto hakuuliza wazazi wanajenga nini. Aliambiwa ashike, akashika.

Baba alikuwa seremala kwetu Bukavu, Kongo. Durban alilinda magari ya watu kwa miaka miwili, hadi Mzee Pieter, Mholanzi mstaafu wa mtaa wa Queensburgh, alipomwuliza kama anaweza kumjengea kinu cha upepo kama vya kwao. Baba hakuwahi kukiona. Akajibu, “Iko kazi ya mbao? Basi naweza.”

Walijenga miezi tisa. Mama alishona vitambaa vya mapanga manne ya kuzungushwa na upepo kwa cherehani yake, na kwa kuwa chumba chetu kilikuwa kimoja, mimi na dada zangu tulilala juu ya vitambaa hivyo vya turubai, vilivyopakwa nta. Nilikwenda shuleni nikinuka nta. Mwalimu akadhani ni mambo ya dini, akaniheshimu.

Jumamosi ya kukizindua, upepo wa kusini ulikuja bila hodi. Mapanga yakaenda kasi mpaka hayahesabiki, na breki ya mbao ikaanza kufuka moshi. Mzee Pieter alipiga kelele kwa Kiholanzi, Baba kwa Kiswahili, na kila mmoja akamwitikia mwenzake.

“Mama Furaha, leta watoto!” Baba akamwita Mama.

Familia nzima tukaning’inia kwenye kamba ya breki, Mama na kitenge chake cha kanisani, akiomba kwa sauti ya kugombana. Kinu kikalia, kikatetemeka, kikasimama.

Mzee Pieter akaketi kwenye nyasi. “Kwetu nilikuwa nauza viatu,” akasema. “Vinu niliviona kwa mbali tu.”

Baba akaketi kando yake. “Eish, Papa Pieter. Basi tuko wawili.”

Jumatatu wakaanza kuchonga breki nyingine. Kinu kiliposaga mahindi kwa mara ya kwanza, ugali ulikuwa na changarawe. Baba alikula sahani mbili, akatukazia macho mpaka tukamaliza zetu. Hakulinda gari tena. Watu wa Queensburgh hadi Chatsworth walimtafuta awatengenezee milango, wakimwita fundi.

Siku hizi upepo ukivuma, wanangu hufunga dirisha na kurudi kwenye simu. Niliwasimulia habari hii. Mdogo akaniuliza kama nina picha. Sina. Wote tulikuwa tumeshika kamba.

Mzee Pieter alipofariki, wenye nyumba wapya walikibomoa kinu, wakajenga pahala pa kuchomea nyama. Baba hupita pale Jumapili. Husimama kidogo nje ya uzio, huinua uso, kisha husema upepo bado ni mzuri.