Gurami wa Baba na Sinia la Bibi

Enzi zetu, samaki aliyefika mtaani kwetu Izia, Sumbawanga, alikuwa ameshakufa, ameshakaushwa, na ameshapoteza jicho moja njiani. Alipakiwa kwenye gunia huko Kasanga, ziwani, akapandishwa mlima na lori, akatufikia mgumu kama soli ya kiatu, na sisi tukampokea kwa heshima zote. Kwa hiyo msishangae nikisema kwamba siku Baba alipoingia uani na ndoo ya samaki wanaopumua, watu wazima wa mtaa wetu walisahau adabu. Jirani yetu mmoja alikuja na bakuli kabisa.

Baba alikuwa seremala. Daktari mmoja Mzungu aliyekuwa anarudi kwao alimwachia tangi lake la kioo, kwa sababu Baba ndiye aliyelichongea meza. Ndani yake walikuwamo gurami wa aina tatu. Kulikuwa na madume wawili wa bluu, kila mmoja mkubwa kama kiganja changu cha wakati ule. Wanne wenye vidoa vyeupe mwili mzima, ambao daktari aliwaita gurami lulu. Na wadogo wenye mistari myekundu, waoga, walioshinda nyuma ya majani kama wadaiwa. Wote walikuwa na ndevu mbili ndefu chini ya kidevu, nazo walipapasia kila walichokutana nacho. Daktari alitoa masharti mawili tu. Kwanza, wasipate baridi. Pili, kile kioo kilichogawa tangi katikati kisiondolewe, maana wale wa bluu wawili hawapikiki chungu kimoja.

Wasipate baridi! Sumbawanga, mwezi wa sita! Sisi watoto tulikwenda shule peku kwenye umande, magoti yamepauka, meno yanagongana hadi mwalimu anatuuliza tunatafuna nini. Wakati huohuo sebuleni jiko la mkaa lilikuwa linawaka karibu na meza ya samaki. Umeme ulikuwa wa kubahatisha, basi Baba alichemsha maji kwenye birika, akayapima kwa kiwiko kama anayemwogesha mtoto mchanga, akayamimina taratibu. Nyakati za baridi kali alilifunika tangi kwa blanketi langu. Nilipolalamika aliniambia, "Wewe una miguu, kimbia upate joto."

Wageni walikuja kutoka kila upande. Gurami wana tabia ya kupanda juu ya maji kuvuta hewa, na kila walipofanya hivyo wageni waliguna, wengine wakasema wanatusalimia. Swali lilikuwa lilelile: wanaliwa lini? Baba alieleza kwamba hawa ni wa kutazamwa. Watu walimtazama yeye badala ya samaki, kwa huruma.

Aliyeyachukia masharti yao ni Bibi, mama yake Baba. Joto hakulipinga, kwani alikuwa amezaliwa Milepa kule bondeni na aliiona baridi ya Izia kuwa dharau binafsi. Alihamishia kigoda chake karibu na tangi, akawa anakota moto pamoja na samaki. Kilichomuudhi ni kile kioo cha katikati. "Ndugu wawili wamewekewa ukuta," alikuwa akisema. "Watalelewaje hivyo?"

Na hapa ni lazima nieleze sinia la Bibi. Baba na Baba Mdogo, mdogo wake, walikuwa na wake zao, watoto wao na mafiga yao, lakini kila jioni walikula sinia moja mbele ya macho ya mama yao. Ndivyo alivyowalea, na ndevu zao hazikubadili kitu. Ugali wa ulezi uliwekwa katikati, maharage pembeni, na kama Kasanga imetukumbuka, mgebuka mmoja, yule samaki mkavu wa ziwani. Wakati huo ndugu hao walikuwa hawasemeshani. Wote walikuwa maseremala, banda moja, meza moja ya kazi, randa moja, na kila mmoja aliamini kwamba mwenzake ndiye anayeharibu mbao. Baba Mdogo alitaka kuhama, ajenge ng'ambo ya kijito, awe na banda lake. Bibi alikataa katakata. "Siku utakayohama, na mimi narudi Milepa. Sitakaa kutazama nyumba inavunjika."

Basi wakala kimyakimya, mikono ikikimbizana kwenye kichwa cha mgebuka, na Bibi akaridhika kwamba kuna amani. Mimi sikuridhika. Nilikuwa na miaka tisa na nililala kitanda kimoja na Bibi, miguu yangu ikiwa katikati ya miguu yake. Blanketi lilikuwa limeshakwenda kwa samaki. Bibi naye akienda Milepa, ningebaki na nini? Kila asubuhi niliangalia kama kikapu chake bado kimening'inia ukutani.

Jumapili moja nilikuwa na kikohozi, wengine wakaenda misa ya pili, nikaachwa nyumbani pamoja na Bibi, aliyekuwa amekwenda misa ya kwanza na kurudi. Mahubiri, yaliyohusu ndugu kukaa pamoja, yalikuwa yamemwingia. Alikunja mikono ya gauni, akaniambia nishike mfuniko wa tangi, akaking'oa kile kioo cha katikati kwa mikono yake miwili. Kisha akamega tonge la ugali wa ulezi, akalidondosha katikati ya maji. "Haya, kuleni pamoja," akawaambia. "Nyinyi ni wa tumbo moja."

Wale wa bluu wawili walisogeleana polepole. Wakanyoosha ndevu zao, wakagusana. Bibi alipiga vigelegele. "Unaona? Wanapeana mikono! Na huyo daktari alisoma miaka yote hiyo!"

Kupeana mikono kulikwisha hapo. Yule mkubwa alimrukia mwenzake, akamrarua mapezi, akamfukuza kona hadi kona. Wale lulu walibanana upande mmoja kama majirani wasiotaka kuitwa mashahidi. Ugali uliyeyuka, maji yakawa uji. Bibi alipigapiga kioo, akawatisha, akawataja watakatifu, na mwishowe akaanza kulia. Sikuwahi kumwona Bibi analia. Nami nikalia, huku nimekumbatia mfuniko.

Ndivyo Baba na Baba Mdogo walivyotukuta. Hakuna aliyeuliza nani kafanya nini. Baba alitumbukiza mkono hadi kwenye bega, Baba Mdogo akaleta sufuria, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi nikasikia sauti zao zikijibizana.

"Shika hapo, asiruke."

"Polepole, kaka. Mkinge hivi. Nimempata."

Yule aliyejeruhiwa alihamishiwa kwenye sufuria ya maji safi karibu na jiko, na majani machache juu yake. Jioni ile sinia lililetwa na halikuguswa. Bibi alikaa kwenye kigoda anaitazama sufuria, na siku ya pili hivyohivyo. Hata kula alikula akiwa amempa kila mtu mgongo.

Siku ya tatu asubuhi aliniita. Juu ya maji, chini ya jani moja, kulikuwa na mapovu madogo madogo yamepangwa vizuri, na yule samaki mwenye mapezi yaliyochanika alikuwa anapanda juu, anavuta hewa, anashuka, anaachia povu jingine. Baba alisema dume la gurami hufanya hivyo likitaka kuweka nyumba yake, tena hufanya likiwa limetulia tu.

"Anajenga," Bibi akasema.

Kisha akamgeukia Baba Mdogo, aliyekuwa amesimama mlangoni na msumeno mkononi. "Na wewe nenda kajenge. Lakini Jumapili utakuja kula."

Nilikimbilia chumbani. Kikapu chake hakikuondoka ukutani hadi siku tuliyomzika, miaka mingi baadaye, hapohapo Izia. Baba Mdogo alijenga ng'ambo ya kijito, na Baba ndiye aliyemchongea milango. Jumapili alikuja bila kuitwa. Walikula sinia moja wakicheka hadi maharage yanawapalia, na kichwa cha mgebuka sasa kilirudi jikoni kizima, kwa kuwa kila mmoja alikuwa anamsukumia mwenzake.

Siku hizi ni mwanangu Deo anayefuga gurami, sebuleni kwangu. Tangi lake lina taa, kipasha joto na kipimajoto, na samaki wake hawajui mkaa ni nini. Ana kundi la wafugaji kwenye simu, washikaji zake wa kufa na kuzikana, na hajawahi kumwona hata mmoja. Kabla ya kuchanganya aina mbili anauliza simu. Simu ikisema dume moja tu la bluu, basi ni moja. Kila samaki ana pango lake na majani yake, na lazima nikiri kwamba hajafa hata mmoja. Kijana asiyejua kuwasha jiko ametushinda sisi, daktari na misa ya kwanza.

Nasi humu ndani tumepangwa hivyohivyo. Deo ana chumba chake, dada yake ana chake, kila mtu na sahani yake, simu yake na saa yake ya njaa. Hatugombani hata kidogo. Mwezi uliopita nilitoa sinia la Bibi kabatini, nikasonga ugali wa ulezi, nikaita watu. Walikuja, wakasema, "Poa sana, Mama," wakachota, wakaondoka na sahani zao. Nilibaki na sinia lenye mabonde mawili.

Lakini jioni, Deo anapowapa chakula, gurami wote hutoka mapangoni. Wakubwa, lulu, wadogo wenye mistari, wanakusanyika kwenye kona moja juu ya maji, wanagusana kwa ndevu, wanakula, ndipo kila mmoja anarudi kwake. Mimi nimeshaijua saa yao. Huvuta kigoda cha Bibi hadi kwenye kioo, nikala ugali wangu pamoja nao.