Pembe za Ng'ombe wa Jabalini

Kwa miaka kumi na mitano nimefundisha historia hapa Mwanza, na kila mwaka, tukifika kwenye michoro ya mapangoni, huwaambia wanafunzi wangu, "kama nilivyojionea mwenyewe." Sikuwa nimejionea chochote. Nilichokiona ni fotokopi ya ukurasa wa kitabu, nayo ilikuwa imetoka nyeusi tii. Uongo huo ulizunguka hadi ukamfikia mama mkwe, naye akaagiza nimpeleke.

Mama mkwe anaishi Sengerema. Utotoni alichunga ng'ombe na mdogo wake kwenye korongo moja lenye pango, na ndani ya pango watu wa kale walichora ng'ombe kwa rangi nyekundu. Mdogo wake alishikilia kwamba ng'ombe yule ana pembe mbili. Mama mkwe alisema moja. Walibishana wakiwa wasichana, wakaendelea kubishana wakiwa na wajukuu, na hakuna aliyerudi kuangalia hadi mdogo mtu alipofariki mapema mwaka huu. Sasa mama ana mtoto wa jicho, macho yote mawili, na alitaka kuhakikisha kabla hayajafunga kabisa.

Tatizo ni kwamba kwetu mama mkwe hakaribiwi. Unamsalimia kwa mbali, humtazami usoni, na ukiwa na neno unalipitisha kwa mtu mwingine. Mtu huyo kwa kawaida ni mke wangu, na siku hiyo alikuwa kazini.

Nilivuka kwa kivuko cha Kamanga asubuhi, nimevaa kofia pana na suruali ya mifuko sita, yote mitupu. Nilimkuta mama amesimama nje ya nyumba yake, kajifunga kitenge, miguuni ana kandambili. Niliinama nikasema, "Shikamoo mama," nikiuangalia ukuta. "Marahaba," akajibu, naye akiuangalia ukuta. Hayo ndiyo mazungumzo yetu marefu zaidi tangu nioe.

Kwenye kijiji cha jirani na korongo tulipewa kiongozi wa njia, mwanamke wa makamo aliyevaa mabuti ya mvua japokuwa mvua haikuwa imenyesha kwa miezi. Alimshika mama mkono tukashuka korongoni. Mchanga ulikuwa wa moto, na mawe yalikuwa makubwa kuliko nilivyokuwa nikiwafundisha watu.

"Mwambie mama apite taratibu," nilimwambia kiongozi.

"Mwambie mwalimu ajiangalie yeye," mama akajibu, nami niko hatua kumi nyuma, nimeshika kiuno, nahema.

Ili nipumzike bila kuonekana nimechoka, nilisimama mbele ya jabali lililokuwa na michirizi myeupe. Nikavua kofia. Nikaeleza kwamba weupe ule ni rangi ya matambiko, kwamba mistari ile inaashiria mvua, na kwamba wasanii wa kale walitumia vidole. Niliongea kama dakika tano. Kiongozi ni mtu mwenye adabu, alisubiri nimalize.

"Huo ni mkojo wa pimbi, mwalimu," akasema. "Michoro iko kule mbele."

Mama alikuwa amejifunika mdomo kwa kitenge, mabega yanamtikisika. Nikarudisha kofia kichwani nikawafuata.

Pango lenyewe lilikuwa jabali tu lililoinama, na chini yake kivuli. Mama alisogeza uso karibu kabisa na jiwe, akageuza kichwa huku na huku, halafu akarudi nyuma. Hakuona kitu. Iliniuma moyo, maana alikuwa ametembea vizuri kuliko mimi.

"Ana pembe ngapi?" akamwuliza kiongozi.

"Mimi niliambiwa ni mbuzi," kiongozi akasema.

Mama akageuka, na kwa mara ya kwanza akazungumza na mimi, si na ukuta. "Njoo wewe. Umeshaaibika leo, hutadanganya tena."

Nikasogea. Nilikuwa karibu naye kiasi cha kusikia pumzi yake, na sikujua mikono niiweke wapi. Nikatazama. Mgongo mwekundu, miguu minne iliyofifia, pembe moja safi kabisa. Nilifurahi, maana hilo ndilo alilotaka, na ningerudi nyumbani mkwe bora wa mkoa mzima. Kisha nikaiona ya pili. Ilikuwa nyembamba, imekaribia kufutika, lakini ilikuwepo. Kwa muda nilifikiria kunyamaza, nakiri.

"Mbili, mama," nikasema.

"Rudia."

"Ziko mbili. Moja imefifia sana."

Alikaa kwenye jiwe, akafuta uso kwa pindo la kitenge. Kiongozi alitazama pembeni, nami sikuthubutu kumtazama mama.

"Tukitoka hapa," akasema, "unipitishe kaburini kwake nikamwambie."