Nani Anaunywesha Mlangilangi?

Bi Khole alipostaafu ualimu wa sayansi kule Sib, Omani, watu walidhani sasa atapumzika. Atapumzika wapi! Mwanamke yule friji ikinguruma lazima ajue inanguruma kwa nini. Ukimpa kitoweo atakuuliza umetia nini. Ukimwambia, atakuuliza kwa nini hukutia kingine. Mtaa wao wa Al Khoudh ushamzoea.

Basi jumuiya ya wenye nyumba pale ikaletewa habari njema: wenye mradi uliojenga mtaa ule watairejeshea sehemu ya gharama ya maji ikiwa itang'oa nyasi za bustani ya pamoja na kupanda miti inayovumilia ukame. Mwenyekiti, Bwana Msellem, akaitisha kikao, akahutubia juu ya neema ya maji mpaka kahawa ikapoa. Nyasi zikang'olewa. Mfereji wa bustani ukafungwa koki na kutiwa kufuli, ufunguo akautia mfukoni mwenyewe. Mti mmoja tu wa zamani uliachwa, mlangilangi wa Bi Khole, aliouleta ungali mche kutoka Unguja, kwenye uwanja wa nyumba aliyozaliwa. Sharti: usimwagiliwe. Ukifa, umekufa.

Haukufa. Jua la Juni likababua kila kitu, mlangilangi ukazidi kuwa kijani, maua yakanukia hadi barabarani. Majirani wakaanza kunong'ona, lisemwalo lipo. Msellem hakunong'ona. Kwenye kikao alisema mbele ya wote:

"Bi Khole, kuna mtu anaiba maji hapa, na mti ni wako. Tukikosa marejesho, sababu ni wewe. Kesho kutwa anakuja mkaguzi, na mti utakatwa."

Mwizi! Yeye, aliyesomesha mabinti wa watu mpaka wakawa madaktari! Bi Khole alirudi nyumbani kwa hasira, akalia jikoni peke yake. Alipomaliza kulia, swali likamjia: lakini kweli, jamani, nani anaunywesha?

Akaenda kuchimba kwa kijiko cha chakula. Juu vumbi, chini tope. Kumbe maji yanatokea chini! Akachukua buluu ya kufulia, akaimimina kwenye beseni lake la jikoni, akasubiri mtini aone kama tope litageuka rangi. Wapi! Akajaribu kwa jirani wa kushoto. Wapi! Mwishowe akaenda kunywa kahawa kwa Jawaher, mke wa Msellem, buluu imo mkobani. Nje ya majlisi yao, chumba cha wageni, pana beseni la kunawia. Akamimina humo, akaaga hata halwa hajaigusa, akakimbilia mtini. Tope likapanda buluu tupu.

Lo! Alicheka mpaka akaketi chini. Kwenye beseni lile ndipo Msellem anapotia udhu, na mtaa mzima unajua anavyotia: mfereji wazi, anasukutua, anajibu simu, anaingiwa na shaka, anaanza upya. Na bomba linalotoa maji ya beseni lile limepasuka chini ya mlangilangi.

Mkaguzi alikuwa mhandisi kijana, Nawar. Bi Khole akamwonyesha tope la buluu mbele ya majirani wote. "Hayo ni maji ya udhu, mwanangu. Yanatoka nyumba mojawapo hapa."

"Basi hayo yameshatumika, mama. Mimi nnatazama mfereji wa bustani tu, nao umefungwa. Marejesho mtapata, na mti hauna kesi." Nawar akautazama mti juu hadi chini. "Ila nani huyo anayetia udhu kwa maji ya kutosha mti mzima?"

Jina lilikuwa kwenye ncha ya ulimi wa Bi Khole. Akamtazama Msellem, akaona jasho linavyomtiririka, roho ikaingiwa na huruma. Akafunga mdomo.

"Ni mimi," Msellem akasema. "Beseni langu lina buluu tangu jana. Bi Khole, nlikuita mwizi mbele ya watu. Nnakutaka radhi mbele yao hao hao."

Muungwana ni kitendo. Bi Khole machozi yakamlenga.

"Radhi nshakupa, bwana. Lakini nakuomba usianze kubana maji leo. Mti wangu utakufa."

Watu wakaangua kicheko. Msellem hakucheka. Adhana ya adhuhuri ilipolia, aliingia ndani, akatoka na birika, akainama chini ya mlangilangi na kutia udhu pale pale, wote wakimtazama. Birika moja lilimtosha, na maji mengine yakabaki; hayo akayamwagia mti.