Aliyeniita Kwenye Ukungu Hakujua Namba

Ilianza siku ya Ijumaa, saa kumi na mbili na nusu jioni, na ilitokea kweli. Wanaosema niliota waje waniambie usoni. Mtu haoti akiwa na debe la unga kichwani.

Nilikuwa kidato cha pili, likizo, nyumbani kwetu milimani juu ya Litembo. Mwaka huo wanunuzi binafsi wa kahawa walikuwa wameanza kutufikia na malori yao, na mjomba wangu Gaudensi, kaka wa mama, alikuwa amerudi kutoka Dar es Salaam baada ya kupunguzwa kazi. Alikuwa muongozaji wa ndege kwenye uwanja mkubwa. Watu wakamuuliza kama kwenye ungo wake wa kichawi nako kuna kiti cha abiria. Alicheka nao mwanzoni.

Mimi ni mtu wa aibu. Darasani jibu nalijua, mdomo hautaki. Basi mjomba akanibunia mchezo. Alisema karibu na uwanja wenye ndege nyingi, rada inaona kinukta tu, haijui ni nani wala yuko juu kiasi gani. Kwa hiyo kila ndege lazima iwe na kifaa kinachojibu chenyewe: namba yangu hii, nipo juu futi kadhaa. Isiyojibu hairuhusiwi kuingia, inabaki nje. Kila nikitoka alinipa namba mpya ya tarakimu nne, na nikirudi nilitakiwa kuitaja kwa sauti kutoka njiani, niseme na nimefika usawa gani wa mlima. Hakuwahi kunipa nane wala tisa. Tarakimu za ndege, alisema, zinaanzia sifuri na kukomea saba. Ajabu ni kwamba kwa namba niliweza kupaza sauti.

Sasa, wiki hiyo kaka Kosmas, jirani yetu, aliitwa na sauti kwenye ukungu, akaifuata, akatumbukia kwenye mashimo ya ngolo tunayochimba mlimani ili mvua isibebe udongo. Mguu ukavunjika. Akaapa sauti ilikuwa ya mjomba. Balozi wa nyumba kumi akaitisha kikao cha Jumamosi asubuhi, na kila mtu alijua uamuzi: mjomba ahame. Aende wapi? Hakuwa na kwingine.

Kwa hiyo Ijumaa hiyo natoka mashineni kusaga, namba yangu nne, mbili, saba, moja, ukungu umeshuka mpaka sioni hatua kumi mbele. Nikasikia, "Bibi, njia imekatika. Pita huku."

Mjomba huniita bibi, kwa sababu nimerithi jina la mama yake. Nikageuka. Niliona koti lake la bluu la kazini, ng'ambo ya mibuni, upande wa mashimo. Niamini ninachokuambia: pindo la koti lilikuwa juu ya majani ya mibuni, na chini ya pindo hapakuwa na miguu.

Ungefanya nini wewe? Mimi nilikasirika. Nilifikiria mguu wa Kosmas, na kikao cha kesho.

"Leo umenipa namba gani?" nikauliza.

Ikajibu sauti ya mjomba kabisa, ya upole: "Tano, nane, moja, mbili."

Mjomba angeweza kusahau namba. Nane asingeitaja.

"Na uko juu kiasi gani?"

"Niko chini, bibi. Njoo."

"Hujaruhusiwa," nikasema. "Baki nje."

Koti likaanza kupanda. Likapanda taratibu, likaingia kwenye ukungu, na juu yangu nikasikia mlio kama wa mtu anayepepeta mchele. Sikukimbia. Nilitembea na unga wangu mpaka nyumbani. Mjomba alikuwa jikoni na mama, anamenya viazi. Koti lilikuwa kwenye msumari, kavu.

Mpaka leo, ukungu ukishuka, nasikia ile nane ikitajwa mahali fulani juu ya bati. Siijibu. Na wewe, ukiitwa na sauti ya mtu wako usipomwona vizuri, usiende kwa sababu ya sauti tu. Muulize jambo la kwenu wawili, na umtazame miguu.

Jumamosi ile asubuhi nilikwenda kwenye kikao, nikawaamkia wazee, nikasimama. Balozi akasema, "Huyu? Hata shikamoo yake huwa tunaibahatisha." Watu wakacheka. Nikamuuliza Kosmas sauti ilitokea wapi, mbele yake au juu. Akafikiri, mguu wake umefungwa vipande vya mti. "Juu," akasema.

"Si anaruka!" mtu akadakia.

Nikasimulia yote, na nane yake. Nikasema mjomba ametufundisha kuuliza, na kama kuna mchawi hapa, ni yule asiyependa kuulizwa. Balozi akaniambia nikae. Sikukaa. Niliwageukia wote, nikapaza sauti kama nipo njiani kwenye ukungu:

"Nne, mbili, saba, moja. Niko chini, miguu yangu hii hapa. Anayetaka mjomba ahame, naye asimame, ajitaje."

Nikasubiri. Jua lilikuwa limeshatoka vizuri, na hakuna aliyesimama.